Mgongo Wangu Mzima

Tangu nistaafu sijaugua hata siku moja, na ndiyo maana naona aibu kuandika haya. Mgonjwa angekuwa na la kujitetea. Mimi naamka saa kumi na mbili asubuhi, natembea kwa miguu hadi njia panda ya barabara ya Kamanga na kurudi, nakunywa uji bakuli mbili, na hakuna kiungo kinacholalamika. Mke wangu alikuwa nesi maisha yake yote ya kazi. Kila Jumatatu ananifunga kile kitambaa cha presha mkononi, anatazama kipimo, anatikisa kichwa na kusema, "Baba, wewe utatuzika wote." Zamani nilikuwa nacheka.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa shule. Anayejua kazi hiyo anajua inavyomharibu mtu. Unaingia darasani, mwalimu anaanza kutetemeka na chaki mkononi, unakaa nyuma na daftari lako, na hata kama somo ni zuri unatafuta kosa, maana ukirudi ofisini na karatasi tupu wataona ulikwenda kulala. Miaka yote hiyo tuliishi Pasiansi, Mwanza mjini, ng'ambo ya pili ya ziwa, na wala sikujua jirani yangu wa kushoto alikuwa anafanya kazi gani. Nilijua tu kwamba ukuta wake ulikuwa umepinda.

Nilipostaafu mke wangu aliomba jambo moja, turudi kwao Sengerema, kwenye ekari aliyoachiwa na baba yake. Mimi ni Mkerewe, nimezaliwa kisiwani, Sengerema haikuwa kwetu wala Mwanza haikuwa kwetu, basi nikaona ni yale yale. Tukajenga nyumba ya vyumba vitatu mbele ya shamba. Wiki ya kwanza tu nikaandika ratiba na kuibandika nyuma ya mlango wa jikoni, kama ratiba ya vipindi: Jumatatu presha na kufua, Jumanne sokoni, Jumatano shamba, Alhamisi mimi navuka kwenda Mwanza, Ijumaa kupumzika, Jumamosi jumuiya (mama), Jumapili misa. Hayo mabano niliyaweka mwenyewe. Jumuiya, zile sala za nyumba kwa nyumba, ilikuwa ya mama. Mimi kanisani natosha Jumapili, tena benchi la mbele.

Kitu ambacho hakikuwamo kwenye ratiba ile ni misiba, na misiba haisubiri ratiba.

Mtaani kwetu kuna nzengo. Ndivyo Wasukuma wanavyouita umoja wa majirani, nao una sheria kuliko shule yoyote niliyoikagua. Akifa mtu, kila kaya inatoa mwanaume mmoja wa kuchimba kaburi na kupasua kuni, na mwanamke mmoja wa kuteka maji na kupika, na kila kaya inaleta mzigo wake wa kuni. Visingizio vinavyokubalika ni viwili tu, safari na ugonjwa. Mtu akikosa bila sababu anatozwa mbuzi, na akikaidi anatengwa. Hasalimiwi, haombwi moto, na siku akifiwa atachimba mwenyewe.

Haya yote mke wangu alinieleza mapema, miezi michache baada ya kuhamia, alipokufa mzee mmoja wa nyumba ya pembeni. Alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni, amesimama mlangoni ananisubiri. Nilikuwa nasoma gazeti la wiki iliyopita. Maneno niliyomjibu nayakumbuka moja moja, na ningelipa chochote niyasahau. Nilisema, "Sikusoma miaka yote ile nije kuchimba makaburi na wapasua kuni. Peleka rambirambi, watatosheka." Kisha akaenda peke yake.

Aliniomba tena msiba wa pili, na wa tatu. Wa nne hakuniomba, nami nikadhani amenielewa.

Kuanzia hapo nikaanza kuheshimiwa. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi. Nikipita barabarani watu wananiambia, "Pole mzee," wananipisha njia. Kwa kinyozi wananiachia kiti. Kanisani, wakati wa kupiga magoti, jamaa wa benchi la nyuma ananinong'oneza, "Kaa tu mzee, Mungu anaona," nami nilikuwa nakaa, nikijiambia kumbe huku bara bado wanajua thamani ya elimu. Naandika hivi huku masikio yanawaka moto.

Sasa niieleze wiki yenyewe. Ilikuwa Novemba, mvua zimekolea, mahindi yamefika magotini na magugu yamefika magotini pia. Jumatano asubuhi niliporudi kutoka matembezini nilikuta watu kama kumi na watano shambani kwetu, wanaume kwa wanawake, wameshapalilia robo nzima. Mwaka uliotangulia ilikuwa vivyo hivyo. Mke wangu aliwahi kuniambia kwa mkato kwamba "watu watakuja kusaidia", na mimi nikachukulia kwamba amewaajiri vibarua. Vibarua wanasimamiwa. Nikachukua kijiti changu cha kupimia, nikaingia shambani.

Kiongozi wao alikuwa mwenyekiti wa nzengo, mzee aliyekuwa dereva wa trekta la kinu cha pamba enzi zake, mguu wake mmoja ni mbovu tangu trekta limlalie. Ananizidi umri si chini ya miaka minane. Kwa desturi ya kila mtu nchi hii, mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia shikamoo. Sikuwahi. Nilikuwa namwambia "Habari za asubuhi," kama ninavyowasalimu walimu wakuu, naye alikuwa anajibu, "Nzuri, Mkaguzi."

Nikapita mstari kwa mstari. Nikamwonyesha mama mmoja mizizi aliyoiacha. Nikaweka kijiti kati ya shina na shina, nikasema hapa palipandwa karibu mno, nani alipanda hapa? (Walipanda wao, mwezi Septemba, siku nyingine ambayo nilidhani ni ya vibarua.) Kisha nikamsimamia yule mzee, ambaye alikuwa anaburuza mguu huku anapalilia, nikamwambia, "Mstari wako unapinda. Tazama wa mwenzako."

Akanyooka taratibu, akaegemea jembe. Majembe yote yakasimama. Akatazama mstari wake, kweli ulikuwa umepinda, akasema, "Ni kweli, Mkaguzi. Nitaunyoosha." Na akarudi nyuma, akaunyoosha.

Mke wangu alikuwa anakuja na ndoo ya uji kichwani. Alisikia. Aliitua ndoo, akawagawia watu uji, na mimi hakunipa, nikadhani amesahau.

Alhamisi nikavuka. Safari hiyo nilikuwa naipenda kuliko kitu chochote: gari hadi Kamanga, kivuko, kisha Pasiansi, ambako wastaafu wenzangu watatu wanacheza drafti barazani kutwa nzima na kutukana serikali zote tulizozitumikia. Siku hiyo niliwapiga wote. Jioni nikarudi na ndoo ya samaki aina ya sato, na stendi ya Sengerema, kama kila Alhamisi, muuza maandazi akaacha meza yake na kuja kunipokea. Mama huyu ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, kiongozi wa jumuiya, na alikuwa akiishi na mama yake, bibi kizee wa kukaa kitandani tu.

"Shikamoo mzee. Lete hiyo ndoo, utajiumiza."

"Marahaba. Chukua."

"Huko Mwanza leo kumekwendaje?"

"Vizuri sana," nikasema. "Nimewapiga wote."

Akanitazama. Kisha akainamisha uso kwenye ndoo, mabega yakatikisika kidogo, akasema, "Tumshukuru Mungu." Akanibebea sato wangu hadi mlangoni kwangu, mwanamke aliyesimama juani tangu alfajiri, na mimi nikitembea nyuma yake mikono mitupu, nikipiga mluzi.

Jumamosi jumuiya ilikuwa zamu ya nyumbani kwetu. Kwa kawaida siku ya zamu yetu nilikuwa najitafutia safari, lakini mvua ilinyesha tangu alfajiri na sikuwa na pa kwenda. Nikakaa sebuleni pamoja nao, kwenye kochi langu, mguu juu ya mguu. Wakasoma Injili, wakaimba. Ukafika wakati wa kuombea wenye shida. Muuza maandazi akafumba macho, akamwombea mama yake. Kisha akasema:

"Na tunazidi kumwombea mzee wetu wa nyumba hii, mgongo wake, ambao umemtesa mwaka wa tatu sasa. Bwana, wabariki madaktari wanaomhudumia kila Alhamisi kule Mwanza. Umpe nguvu siku moja aweze kuinama tena."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote.

Nilifumbua macho. Mtu pekee mwingine aliyefumbua macho chumbani mle alikuwa mke wangu, na alikuwa ananitazama. Miaka arobaini ya ndoa, sijawahi kuona uso wake ukiomba kitu namna ile. Nikashusha mguu. Nikasema, "Amina."

Walipoondoka nilimfuata jikoni. Alikuwa anaosha vikombe na hakugeuka.

"Mgongo gani?" nikamuuliza.

"Nilikuomba mara tatu," akasema. "Ulitaka niwaambie nini? Kwamba mume wangu anasema hakusomea kuzika watu? Niliwaambia unaumwa. Walikuwa wakutenge, Baba. Siku ukifa nikuzike na nani?"

"Na wale vibarua?"

"Vibarua wapi? Nzengo inamlimia mgonjwa. Ndiyo sheria yao."

Nikakaa juu ya debe la unga. Mambo yakawa yananirudia, moja baada ya jingine: kiti cha kinyozi, benchi la kanisani, ndoo ya sato, kijiti changu cha kupimia, na mstari uliopinda. Nilikuwa nimewakemea watu waliokuja kunisaidia katika ugonjwa nisiokuwa nao. Na mzee kilema akarudi nyuma kuunyoosha mstari kwa ajili yangu. Nilitamani kweli niugue, palepale.

Ndipo nikaiona mikono ya mke wangu. Ilikuwa majini, imegeuka viganja juu. Mikono ya nesi naijua, ni laini, inanukia sabuni ya hospitali. Hii ilikuwa na sugu nne kila kiganja na mpasuko mrefu chini ya kidole gumba. Niliwahi kuziona sugu zile, nikamwambia ajipake mafuta.

"Nitawaambia," nikasema. "Msiba unaofuata nakwenda kusimama mbele yao niwaambie ukweli."

Sasa akageuka. "Ukweli upi? Kwamba mimi ni mwongo? Nimekaa na wale wanawake miaka mitatu, Baba. Wananipa funguo za nyumba zao. Wananiita niwaoshee maiti za mama zao. Wewe utasema ukweli, utapumua, halafu utavuka Alhamisi kwenda kwenye drafti. Mimi nitabaki hapa na nani?"

Mtu aliyezoea kuuliza maswali hajui kukaa bila jibu, nikatoka nikaenda kusimama kwenye mahindi.

Jumapili baada ya misa yule bibi kizee, mama wa muuza maandazi, akafariki. Tulisikia vilio tukiwa mezani. Mke wangu akaacha chakula, akajifunga khanga, akaenda. Hakusema niende wala nisiende.

Jumatatu niliamka kabla yake. Nasema ukweli wangu, nilikuwa sijaamua. Nilijua tu kwamba siwezi kupita barabarani siku ile kwenye matembezi yangu huku wenzangu wanachimba. Nikachukua shoka letu nyuma ya jiko, lile ambalo mpini wake ulikuwa umeng'aa na niliwahi kudhani ni kwa sababu ya uzee, nikaenda msibani.

Wanaume walikuwa chini ya turubai, wengine wamekwisha kwenda makaburini kuanza kuchimba. Upande wa jikoni moshi ulikuwa umeanza. Nilipoingia na shoka wakageuka wote. Nikaenda moja kwa moja kwenye rundo la magogo, nikasimamisha moja, nikainua shoka. Nikashusha. Gogo likapasuka vipande viwili safi, sauti ikasikika hadi barabarani, maana nguvu ninazo, nguvu sijawahi kukosa.

Kabla sijainua la pili mkono ukashika mpini. Alikuwa mwenyekiti wa nzengo.

"Mkaguzi," akasema kwa sauti ya chini, "mgongo wako."

Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akasema.

"Mzee wangu, mgongo wangu ni mzima. Sijawahi kuumwa. Nataka kuwaambia watu."

"Tunajua."

Sikumwelewa. Akanisogeza pembeni, bado ameshika mpini, tukawa tumelipa turubai kisogo.

"Tunajua tangu msimu ule wa kwanza. Kila asubuhi unapita mlangoni kwangu kwa miguu kama askari. Unadhani sisi ni vipofu? Mwanangu wa pili ni fundi rangi huko Pasiansi, amekuona na drafti zako."

"Basi kwa nini mnanilimia?"

"Hatukulimii wewe." Alisema bila hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Tunamlimia Nesi. Kila msiba analeta mizigo miwili ya kuni. Mmoja anasema wake, wa pili anasema, huu ni wa mzee, angekuja mwenyewe ila mgongo. Anapasua na shoka, hapo hapo ulipokuwa umesimama, kazi ya mwanaume, halafu anakwenda kupika na wenzake. Mtu wa namna hiyo utamtoza mbuzi wa nini?"

Nilikumbuka kuni za uani. Zilikuwa zikipungua haraka, na mimi nilimsema mke wangu kwamba anachemsha maharage bila kufunika sufuria. Nilimsema zaidi ya mara moja.

"Ngoja nipasue basi," nikasema. "Hata hizi tu za leo."

"Leo si siku yako. Leo kuna maiti ndani." Akalivuta shoka, nami nikaliachia. "Na ukijitangaza mzima mbele ya wanawake wale, yeye ataficha wapi uso wake? Sisi tunajua, lakini yeye hajui kama tunajua. Kaa, mzee wangu. Endelea kuumwa."

Akaita kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, mleteeni Mkaguzi kiti chenye egemeo, amejilazimisha kuja, mgongo umemkamata!" Wakaleta kiti cha plastiki. Mmoja akakunja koti lake akaliweka nyuma yangu. Nikakaa. Yule mzee akaenda kwenye rundo akiburuza mguu, akasimamisha gogo langu la pili, akaanza kupasua na shoka langu, mapigo matatu manne kwa kila gogo, anahema. Nikalazimika kumtazama. Sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu kama kile.

Mke wangu akatokea kona ya nyumba. Alikuwa na mzigo wa kuni kichwani, na nyuma yake, chini, niliuona mzigo mwingine aliokuwa ameshautua. Akaniona. Akaona shoka letu mkononi mwa mwenyekiti, akaona lile gogo lililopasuka mara moja, akasimama na mzigo wake kichwani. Wanawake wawili waliokuwa wakiteka maji kwenye pipa wakageuka kumtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa anasubiri nimwaibishe.

Nikaupeleka mkono nyuma, nikashika kiuno, nikaguna.

"Pole mzee," wakasema wanaume wote kwa pamoja, na mwenyekiti akasema kwa sauti kuliko wote.

Mke wangu alinitazama kitambo. Kisha akatembea, akautua mzigo karibu na magogo, na nikamsikia akiwaambia, "Huu ni wa mzee."

Nikaguna tena, kwa nguvu zaidi, ili na wa jikoni wasikie.